Mguso wa Kwanza

Shinyanga haina upungufu wa wasichana wenye mbio. Pita shule yoyote ya msingi siku ya michezo, iwe Kishapu au Msalala, kisha vuka hadi Nyang'hwale na Geita yenyewe, utawaona: miguu mirefu, pumzi ya kutosha, mazoea ya kutembea mwendo mrefu kabla kengele ya shule haijalia. Asiyejua mpira akiwaona husema hapo pana timu tayari. Anayejua husubiri kwanza. Anataka kumwona msichana mmoja tu ambaye anapokea pasi huku beki amemganda mgongoni, anaituliza kwa mguso mmoja, na kabla mpira haujamfikia alishaamua utakwenda kwa nani.

Msichana huyo hazaliwi hivyo. Hutengenezwa kwa miaka minne au mitano, na wanaomtengeneza ni walimu wa michezo wa shule za msingi na makocha wa mitaani, watu ambao siku binti anapotajwa redioni wao hawatajwi. Watu wa ukanda huu hupenda kufananisha kila kitu na dhahabu. Mimi nitajizuia, maana kazi ya makocha hawa inatosha kusifiwa kwa jina lake.

Tuanze na uwanja. Sehemu kubwa ya Shinyanga ni udongo wa mbuga, ule mweusi. Wakati wa mvua unanata miguuni, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingia kidole. Geita kuna changarawe na miteremko. Juu ya ardhi ya namna hii mpira haubingiriki sawasawa: unaruka, unakata kushoto bila kuombwa, unakwama. Kocha wa haraka huamua kwamba uwanja huu hauruhusu pasi za chini, basi tubutue. Kocha fundi hutafuta kipande kidogo, mita kumi kwa kumi, akakiondolea mawe, akakifagia, akachora mistari kwa majivu. Humo ndimo timu nzima inafundishwa mwaka mzima. Uwanja mkubwa ni wa mechi.

Ndani ya kipande hicho wasichana wanne husimama pembeni na mmoja kati. Ukikaa karibu utagundua kwamba kocha hautazami mpira. Anatazama kifundo cha mguu wa anayepokea. Kikikazwa, mpira unamkimbia mwenyewe. Kikilegezwa kidogo pale unapogusa, unatulia hatua moja mbele, mahali ambapo mguu wa pili tayari unaweza kuupiga. Halafu anatazama mabega. Binti aliyeupa kisogo upande anaotaka kwenda atahitaji miguso mitatu. Aliyejifungua kidogo, akapokea kwa mguu wa mbali, atahitaji mmoja. Wapo makocha ambao kwa miezi ya kwanza huwavua wote viatu. Sababu moja ni haki, kwa kuwa wenye njumu ni wachache. Nyingine ni kwamba mguu pekupeku hausamehe: ukiupokea mpira vibaya, unajua papo hapo.

Kisha linakuja zoezi la vidole. Kocha anasimama nyuma ya mpokeaji. Mpira ukiwa njiani ananyanyua vidole viwili, vinne au kimoja, na binti lazima ageuze shingo, atazame, ataje idadi, ndipo apokee. Wiki za mwanzo ni vurugu tupu: anayetaja idadi anaukosa mpira, anayeupata mpira hakuona kitu. Kocha hapandishi sauti. Anasema "Tazama kwanza," wanarudia. Baada ya miezi kadhaa shingo zinageuka zenyewe bila vidole kunyanyuliwa, na hapo ndipo mchezo unapoanza kupungua kelele.

Wasichana wetu wana mtaji ambao wavulana wa chandimu hawana, nao ni mchezo wa rede. Wawili wanarusha mpira huku na huku, mmoja yuko katikati na chupa yake. Anajaza mchanga na wakati huohuo anakwepa, akimtazama wa mbele huku akijua wa nyuma anafanya nini. Aliyecheza rede tangu darasa la kwanza ameshajifunza kuona pande mbili kwa wakati mmoja na kupinda kiuno bila kupoteza mizani. Hakuna maandalizi bora ya kiungo wa kati niyajuayo, na hayagharimu shilingi. Kocha mjuzi huanza mazoezi kwa rede, na mabinti hudhani wanachezeshwa tu.

Sasa tuje kwenye kikombe, kwa sababu ndiko makocha wazuri wanakoteseka. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hupanda ngazi: shule, kata, halmashauri, mkoa, hadi taifa. Mwalimu mkuu anataka timu ipande. Mitaani nako mdau wa machimbo ameahidi mbuzi kwa mshindi. Njia fupi inajulikana na kila mtu. Mweke mwenye mbio kuliko wote mbele, wengine wote wabutue kuelekea kwake. Tena goli la kawaida lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44; golikipa wa miaka kumi na miwili, hata akiruka, hafiki juu. Shuti lolote la juu kutoka mbali ni bao. Utashinda tano bila kwenye kata, mbuzi ataliwa, na hakuna msichana hata mmoja atakayekuwa amejifunza lolote.

Sina ugomvi na mbuzi. Ugomvi wangu ni na hesabu ya baadaye. Akifika miaka kumi na saba, wenzake wameshamfikia kwa mbio, na yule mfungaji wa mabao matano hana mguso, hana mguu wa kushoto, na hajawahi kucheza akiwa amezibiwa njia. Anaachwa, na watu wanasema wasichana wa huku huishia njiani.

Kocha fundi humchukua huyohuyo mwenye mbio akamweka beki wa kushoto nusu msimu, alazimike kuutumia mguu asioupenda. Kwenye mazoezi husogeza miti ya goli ikaribiane ili golikipa mdogo ajifunze kudaka mipira inayodakika, badala ya kuzoea kuokota wavuni. Hutafuta mpira namba nne kwa wadogo hata kama namba tano ndio uliopo dukani. Na timu inafungwa. Jumamosi watu wanamuuliza kama alisomea ukocha au ulinzi. Jumatatu yuko palepale na majivu yake, na binti yuleyule yuko kushoto. Katika yote wanayoyafanya makocha hawa, ubishi huu ndio ninaouheshimu kuliko kitu kingine.

Nisiwapake utakatifu lakini. Timu inayofungwa kila wiki hufa: mabinti wanaacha kuja, wazazi wanapata sababu. Hodari wao hujua kiasi cha ushindi ambacho timu inahitaji ili iendelee kuwepo, nao hukitafuta kwa vitu visivyoharibu mafunzo: kona iliyopangwa, kila mtu kujua anasimama wapi mpira ukipotea, golikipa asiyeogopa. Kuna mechi wanazoziwania kweli na nyingine wanazozifanya darasa. Tofauti hawamwambii mtu.

Anayetilia shaka kwamba subira hii hulipa akumbuke Oktoba 2022. Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17 iliyokuwa na kocha Bakari Shime, ilikwenda India ikiwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Ilifuzu kwa kuitoa Cameroon mabao 5 kwa 1, manne kati ya hayo yakifungwa Yaoundé. Mechi ya kwanza Japan iliwafunga 4 bila, na wengi wetu tuliamini safari imekwisha. Siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa 2 kwa 1. Wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Canada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia ya mshambuliaji Linda Caicedo, iliyofika hadi fainali, iliwatoa kwa 3 bila. Kutoka kipigo cha Japan hadi ushindi dhidi ya Ufaransa hakukuwa na muda wa kufundisha mtu kutuliza mpira. Siku tatu zinatosha kupanga upya watu. Mguso walikwenda nao kutoka nyumbani, na walioutia miguuni mwao walikuwa vijijini na mitaani wakisikiliza redio. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule za Afrika huko Durban. Huo nao ulitokana na kazi ya namna ileile.

Upo upande wa ufundi huu ambao mtazamaji haoni kabisa, nao ni goti. Wasichana wanaocheza soka huchanika kano ya katikati ya goti mara nyingi zaidi ya wavulana, hasa wanapotua kutoka hewani au kugeuka ghafla, na huku kwetu kuchanika huko mara nyingi ndio mwisho wa kucheza. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia wachezaji 4,564 wa miaka 12 hadi 17 kutoka klabu 230. Kundi moja lilifanya mazoezi ya robo saa mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kunyanyua nyonga, kuruka na kutua goti likiwa limenyooka na vidole vya mguu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na majeraha ya kano hiyo katika kundi hilo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 64. Hayahitaji chumba cha mazoezi wala mashine. Yanahitaji kocha anayetazama magoti yanavyotua na kukataa kuona yakiingia ndani, siku baada ya siku, hata siku ambayo kila mtu anataka mechi ianze. Jambo jingine dogo ni bukta, kwa ajili ya siku za hedhi. England ilikuja kuacha bukta nyeupe kwa timu yake ya wanawake mwaka 2023. Mwalimu mwanamke mwenye akili alikuwa akichagua nyeusi muda mrefu kabla ya hapo, bila tangazo lolote.

Kazi ya jioni hufanyika majumbani. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2010 uliitaja Shinyanga kuwa mkoa unaoongoza kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Kocha anayekwenda kumwombea binti ruhusa hazungumzii ndoto za Ulaya. Anaamkia, anakaa anapoonyeshwa, anaongea kwanza habari za mvua na pamba. Kisha anamweleza baba saa ngapi mazoezi yanaanza na yanakwisha, nani anamrudisha binti, na kwamba maji yatachotwa kabla. Mama ndiye huuliza maswali magumu. Anayejibu kwa ukweli hurudi tena; aliyeahidi makubwa harudishiwi mtoto.

Na Geita kuna rashi. Dhahabu ikisikika imeonekana mahali pengine, familia zinahama ndani ya wiki, na beki wa kati uliyemlea miaka miwili anaondoka na godoro juu ya pikipiki. Ndiyo maana makocha wa machimboni hufundisha kila msichana nafasi mbili au tatu. Mtu wa mjini akiiona timu hiyo atasema ina falsafa ya kisasa, kumbe imezoea kupoteza watu.

Njia ya kwenda juu ipo kuliko zamani. Mwanza kuna kituo cha soka cha Alliance, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, limeondoa kusubiri kivuko kwa anayetoka Geita. Geita Gold Queens walicheza Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24. Aisha Masaka, mfungaji bora wa COSAFA ya wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2020 kwa mabao kumi, alikwenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Hata uwanja ambao wanaume wa Geita Gold waliutumia Ligi Kuu ni wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu. Wavulana ndio walioazima.

Linalobaki ni malipo, na hapa wengi hawajui kilichoandikwa. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho zimeweka fidia ya mafunzo kwa wanaume, zikaiondoa kwa soka la wanawake. Uliopo ni mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nje akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri kati ya 12 na 15 hupewa robo ya asilimia. Binti akiuzwa kwa dola 100,000, klabu iliyomlea miaka hiyo minne inastahili dola 1,000. Si utajiri, ila ni mipira ya miaka kadhaa. Hulipwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Timu isiyo na karatasi haipati kitu, hata kama kijiji kizima kinaweza kushuhudia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una mwanao, mdogo wako au mwanafunzi wako kwenye timu ya namna hii Shinyanga au Geita, msaidie kocha wake kwa mambo mawili wiki hii: mpatie binti cheti cha kuzaliwa, na hakikisha klabu imesajiliwa na jina la binti limeandikwa humo kwa tahajia ileile ya cheti, pamoja na tarehe aliyoanza.