Namna ya Kupima Pikapu Iliyovishwa Matairi Makubwa

Pikapu yoyote hupendeza ikiwa imeegeshwa mahali tambarare, magurudumu yamenyooka na nyuma hakuna mzigo. Ndivyo wauzaji wanavyoipiga picha. Ukitaka kuona kazi ya fundi, mwombe mwenye gari apandishe gurudumu moja la mbele juu ya tuta, akunje usukani hadi mwisho, kisha arudi nyuma taratibu. Wewe chuchumaa kando, usikilize.

Tuchukue Toyota Hilux, pikapu ya tani moja isiyokosekana gereji. Nyingi zenye rimu za inchi 17 hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17, ambalo kimo chake ni kama milimita 776. Hatua ya kwanza kupanda ni 265/70R17, milimita 803. Wanaopenda gari lionekane dume hurukia 285/70R17, milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi ya la kiwandani. Gari lenyewe hupanda nusu tu ya tofauti hiyo, milimita 27. Anayejisifu kwamba matairi hayo peke yake yamemwinua inchi mbili, hesabu imempiga chenga.

Niseme mapema: kwa pikapu inayobeba saruji na magunia ya mahindi, hatua moja inatosha.

Sasa rudi pale ulipochuchumaa. Tairi kubwa hugusa sehemu mbili kwanza: plastiki ya ndani ya madigadi upande wa bampa, na nyuma yake, pale kabini inapofungwa kwenye chesisi. Tafuta mahali palipong'arishwa na mpira. Fundi hodari hukata plastiki kwa mstari mmoja safi na kuifunga upya isipepee. Mshono wa bati akiulaza kwa nyundo, huukwangua, huupaka rangi ya kuzuia kutu na kuuziba. Ukikuta bati limegongwa likaachwa wazi, hasa kwa gari la Tanga au Mombasa, kutu imeshaanza safari. Pitisha kidole. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huinuka kama gamba.

Rimu ndiyo inayoficha mengi. Nyuma yake huchongwa herufi ET na namba, kipimo cha milimita kinachoonyesha rimu inakaa ndani au inatoka nje kiasi gani. Hilux hizi huwa na takriban ET30. Rimu za mapambo mara nyingi huwa ET0 au chini ya hapo, na magurudumu hutokeza nje ya madigadi. Kwenye picha, safi kabisa! Barabarani, beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unavutwa kila shimo, na tope linarukia milango. Tena gurudumu lililotokeza huchora duara pana likikunjwa, hivyo linagusa bampa hata pale tairi lilelile kwenye rimu ya kiwandani lisingegusa.

Nati sita kuingia hazithibitishi kwamba rimu ni yake. Tundu la katikati linapaswa kukumbatia habu, ambayo kwenye Hilux ina kipenyo cha milimita 106. Tundu likiwa pana zaidi, pete ya kuziba nafasi iwepo. Nati nazo zilingane na rimu: zipo zenye kichwa cha koni, zipo zenye washa bapa, na kuzichanganya ni kualika gurudumu lilegee. Spesa zilizobandikwa ili kusukuma magurudumu nje, mimi sizinunui.

Ubavuni mwa tairi soma namba ya uzito. 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa kila tairi; isishuke chini ya ile ya kiwandani, hata kama tairi lina meno ya kutisha. Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi makubwa ya bei ya kutupa huwa yamezeeka stoo.

Kisha endesha, ukilinganisha kasi ya dashibodi na ile ya simu yenye GPS. Kwa matairi ya asilimia 7 zaidi, dashibodi husoma chini kuliko ilivyokuwa ikisoma mwanzo, na kilomita zinazohesabiwa hupungua, ndiyo maana mwenye gari hulalamika mafuta yanaisha haraka kuliko ukweli ulivyo. Ulaji huongezeka kweli, lakini si kwa kiasi hicho. Panda mlima ukiwa na mzigo: gia ya tano ikikosa nguvu pale ilipokuwa ikitosha, umeona gharama. Breki nazo zina kazi zaidi.

Mwisho, inama chini ya bodi utazame spea. Tairi kubwa mara nyingi halienei pale, na wengi huacha lile dogo la zamani. Muuzaji akikataa usijaribu gari kwa mzigo, au akasema spea iko nyumbani, mwachie gari lake.