Ameshindwa na Nani? Uhakiki wa Lugha ya Mashabiki Nyota wa Mbio Anapopitwa

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba uwanja wa michezo nao ni darasa. Wanafunzi wetu wengi hapa Rubavu huchota Kiswahili chao cha nje ya kitabu kwa watangazaji wa mpira na riadha, na kwa mashabiki wanaobishana baada ya matangazo kwisha. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, tumejizoesha kukisahihisha Kiswahili hicho upande wa ngeli na upatanisho wa kisarufi. Katika makala haya tunakusudia kukihakiki upande mwingine: kinasema nini pale nyota wa mbio ndefu anaposhindwa? Hoja yetu ni kwamba lugha ya shabiki mwenye uchungu humfuta mshindi katika sentensi, na kwamba kwa kumfuta mshindi humdhulumu pia aliyeshindwa.

Mfano wetu: Terre Haute, 2016

Tumechagua mfano wa mwanariadha aliyekuwa mwanafunzi kama wasomaji wetu. Tarehe 19 Novemba 2016, mjini Terre Haute katika jimbo la Indiana, yalifanyika mashindano ya mbio za nyika ya vyuo vya Marekani. Edward Cheserek, kijana wa Kenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Oregon, alikuwa ameshinda mbio hizo mara tatu mfululizo, yaani 2013, 2014 na 2015. Hakuna mwanamume aliyewahi kuzishinda mara nne. Gerry Lindgren, Steve Prefontaine na Henry Rono, wote waliishia mara tatu. Mashabiki walikwisha kumpa Cheserek jina la mfalme.

Baada ya kilomita 10 wa kwanza alikuwa Patrick Tiernan, Mwaustralia wa Chuo Kikuu cha Villanova. Wa pili alikuwa Justyn Knight, Mkanada wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Cheserek alikuwa wa tatu.

Sasa tuzitazame sentensi nne. Tumezitunga wenyewe, lakini ni za aina inayosikika baada ya kila mbio za namna hii:

(a) Cheserek ameshindwa na Tiernan.
(b) Cheserek ameshindwa.
(c) Cheserek amepoteza mbio.
(d) Cheserek ametuangusha.

Kitenzi na mtenda

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutendwa, na mtenda wake ametajwa baada ya kiunganishi "na". Msikilizaji anajua nani alimshinda nani. Katika sentensi (b) mtenda ameachwa. Sarufi inaruhusu, na katika mazungumzo ya haraka hakuna ubaya. Hata hivyo, "kushindwa" kwa Kiswahili kuna maana mbili. Kuna kushindwa na mtu, na kuna kushindwa kufanya jambo: ameshindwa kuja, ameshindwa kulipa ada. "Na Tiernan" ikiondoka, maana ya pili hupata mlango wa kuingilia. Mtu aliyewatangulia wakimbiaji zaidi ya 200 wa vyuo vya Marekani, akapitwa na wawili tu, huanza kuzungumzwa kama mtu asiyeweza.

Kwa wanafunzi wetu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu lugha yao ya nyumbani inawasukuma huko huko. Katika Kinyarwanda, "gutsinda" ni kumshinda mtu na pia ni kufaulu mtihani; "gutsindwa" ni kushindwa na mtu na pia ni kufeli mtihani. Ndiyo maana tunasahihisha kila muhula "nimeshindwa mtihani" mahali pa "nimefeli". Anayeileta fikra hiyo uwanjani humpa mkimbiaji alama ya kufeli, ilhali mbio si mtihani. Katika mtihani darasa zima laweza kufaulu. Katika mbio wa kwanza ni mmoja tu, hata kama watu kumi wamekimbia vizuri kuliko walivyowahi kukimbia maishani mwao.

Sentensi (c) inaonekana kuwa tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kina "kupoteza" tangu zamani, lakini mtu hupoteza kilicho chake: ufunguo, fedha, fursa. Anayesema "amepoteza mbio" ameshaamua kwamba ushindi ulikuwa mali ya Cheserek kabla mbio hazijaanza, na kwamba Tiernan aliuokota tu njiani. Ukweli ni kwamba mwaka 2015 Tiernan alikuwa wa pili nyuma ya Cheserek huyo huyo. Alirudi baada ya mwaka mmoja akamshinda. Sentensi (c) haina nafasi ya kuutaja mwaka huo wa kazi.

Sentensi (d) ndiyo kali zaidi. Kitenzi kimegeuzwa kikawa cha kusababisha, na kiambishi cha mtendwa "-tu-" kimeingia katikati. Katika sentensi (a) Cheserek ndiye aliyetendwa. Katika (d) amekuwa mtenda, na waliotendwa ni sisi tuliokaa tukitazama. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye "ametuuza", shutuma ambayo mara nyingi hutolewa bila ushahidi wowote.

"Tumeshinda", "ameshindwa"

Jambo la viambishi halikuanza kwetu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na timu zao za mpira wa Kimarekani. Waliona kwamba baada ya timu ya chuo kushinda wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo, na walipousimulia mchezo walipenda kusema "sisi". Timu iliposhindwa, "sisi" ilipungua.

Kiingereza hulazimika kuweka neno zima mbele ya kitenzi. Kiswahili hutumia silabi moja, na kwa hiyo hila hupita upesi bila kugunduliwa: jana "tumeshinda", leo "ameshindwa". Kinyarwanda hufanya vivyo hivyo: "twatsinze", kisha "yatsinzwe". Mwalimu anayefundisha viambishi vya nafsi hana haja ya kutafuta mfano mbali. Wafuasi wa Etincelles na wa Marines watamletea mifano kila mwisho wa wiki.

Wakati "-me-" na hukumu ya mwisho

Liko neno jingine linalostahili kuhakikiwa, nalo ni "amekwisha". Kiambishi "-me-" huonyesha hali iliyotimia, na mashabiki hukitumia kufunga kesi. Historia ya mbio za vyuo inatupa onyo zuri. Henry Rono, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, katika mbio za nyika za vyuo alizokuwa amezishinda mwaka 1976 na 1977, alimaliza katika nafasi ya 237. Kama kuna siku ya kusema "amekwisha", ilikuwa siku ile. Mwaka 1979 alirudi akazishinda kwa mara ya tatu. Cheserek naye, miezi minne hivi baada ya Terre Haute, alishinda maili moja na mita 3,000 katika mashindano ya ukumbini ya vyuo, akafikisha mataji 17.

Methali zinazoelekezwa upande mmoja

Shabiki wa Kiswahili hakosi methali. Nyota akishindwa, ya kwanza kutolewa ni "mgema akisifiwa tembo hulitia maji". Maana yake hapa ni kwamba sifa zilimlevya, akalegeza mazoezi. Lakini tujiulize: aliyemsifu mgema ni nani? Ni shabiki yule yule aliyesema wiki iliyopita kwamba kijana hashikiki wala hashindwi. Methali imemkamata mgema, ikamwacha msifiaji aende zake.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani" nayo huelekezwa kwa mkimbiaji peke yake. Wakimbiaji wengi huikubali mapema kuliko wafuasi wao. Cheserek mwenyewe alianza utawala wake mwaka 2013 kwa kumshinda Mkenya mwenzake, Kennedy Kithuka wa Texas Tech, aliyekuwa bingwa wa mwaka 2012. Mkimbiaji anajua kwamba nafasi aliyoichukua kwa mtu, mtu mwingine ataichukua kwake. Kwa maoni yetu, methali hii inamfaa zaidi shabiki. Na iko ya tatu ambayo hatuisikii vya kutosha: "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi".

Je, ni maneno tu?

Msomaji anaweza kusema kwamba tunakuza mambo. Shabiki ana haki ya kuhuzunika, na utani ni sehemu ya utamaduni wetu. Michezo bila kejeli ni kama ugali bila mboga. Hatupingi. Utani una masharti yake: mtaniwa yupo, anaweza kujibu, na kesho zamu ni yake. Maneno yanayomfuata mkimbiaji aliye mbali hayana masharti hayo.

Eliud Kipchoge hakuwa mkimbiaji wa chuo, lakini yaliyompata yanaonyesha njia hii inafika wapi. Oktoba 2023 Kelvin Kiptum aliivunja rekodi yake ya marathoni huko Chicago. Kiptum alipofariki katika ajali ya gari tarehe 11 Februari 2024, baadhi ya watu mitandaoni walimhusisha Kipchoge na kifo hicho bila msingi wowote. Mwaka huo Kipchoge alieleza BBC kwamba alitukanwa na kutishiwa hata akaihofia familia yake. Machi 2024 alikuwa wa kumi huko Tokyo. Agosti mwaka huo, kwenye Olimpiki ya Paris, hakumaliza mbio. Waliomwita mfalme na waliomtukana walitumia lugha moja, na wengine huenda walikuwa watu wale wale.

Hapa nyumbani tunaye Mathias Ntawulikura, aliyeiwakilisha Rwanda katika Olimpiki tano, kuanzia 1988 hadi 2004, bila kupata medali. Kwa sarufi ya "ameshindwa" isiyo na mtenda, safari ya miaka 16 ingeandikwa kwa neno moja. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anapaswa kuweza kuiandika kwa ukurasa mzima.

Pendekezo kwa walimu

Tunapendekeza zoezi jepesi kwa darasa la mwaka wa pili. Wanafunzi wakusanye sentensi kumi walizozisikia baada ya mchezo wowote ambao timu au mkimbiaji waliyempenda alishindwa. Kwanza, wapigie mstari viambishi vya nafsi na waeleze vilibadilikaje kati ya ushindi na kushindwa. Pili, palipo na "ameshindwa" waulize "na nani?", kisha waandike sentensi nzima na nyingine mbili kuhusu huyo aliyeshinda. Tatu, watenge utani na tusi, na watetee mpaka walioweka.

Zoezi hili linafundisha kauli ya kutendwa, viambishi na matumizi ya methali kwa pamoja. Zaidi ya hayo, darasani mwetu wamo vijana wanaokimbia kila asubuhi kando ya Ziwa Kivu. Siku moja mmoja wao atapitwa mbele ya wenzake, na wenzake watahitaji sentensi ya kumwambia. Walimu watakaolijaribu zoezi hili wanakaribishwa kutuletea sentensi walizokusanya, ili tuzijadili katika toleo lijalo.