Mtoto Aliyepigwa na Mtu Aliyeua: Kuyapima Maoni ya Wasomaji wa The Alienist

Riwaya ya upelelezi haina desturi ya kujadiliwa katika kurasa za jarida la theolojia. Wengi huihesabu kuwa kitabu cha safarini, cha kusomwa upesi na kusahauliwa upesi. Hata hivyo, iko riwaya moja ya aina hiyo ambayo imewagawanya wasomaji wake tangu ilipotoka, na yanayowagawanya si mambo madogo. Wanabishana kama mwanadamu yu huru katika matendo yake, na kama mtu aliyeumizwa utotoni aweza kudaiwa damu aliyoimwaga ukubwani. Riwaya hiyo ni The Alienist ya Mmarekani Caleb Carr, iliyochapishwa mwaka 1994. Mwandishi alifariki mwaka 2024, lakini kitabu chake kingali kinasomwa, hasa baada ya kufanywa mchezo wa televisheni mwaka 2018. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyapima maoni yanayotolewa juu yake, na kuona ni yapi yenye uzito.

Habari yenyewe

Mambo ya riwaya hii yanatukia katika mji wa New York mwaka 1896. Mji huo haukuwa chini ya Malkia Viktoria, lakini zama zilizopewa jina lake, yaani 1837 hadi 1901, zilikuwa na tabia zilezile pande zote mbili za bahari: adabu kali sebuleni, ukimya juu ya mambo ya mwili, na ufukara wa kutisha mitaa michache kutoka milango ya matajiri. Wavulana, watoto wa wahamiaji maskini waliotumbukizwa katika nyumba za ukahaba, wanauawa mmoja baada ya mwingine. Wenye mamlaka hawataki jambo hilo litajwe, maana kuwataja waliokufa ni kukiri jinsi walivyokuwa wakiishi. Ndipo Theodore Roosevelt, ambaye kwa kweli alikuwa mkuu wa halmashauri ya polisi ya mji huo tangu 1895 hadi 1897, anapoikabidhi kazi ya uchunguzi kwa siri kwa daktari Laszlo Kreizler.

Jina la kitabu ni jina la kazi ya daktari huyo. Zama zile mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa amefanywa mgeni kwa nafsi yake mwenyewe, na tabibu wake akaitwa kwa neno la asili hiyo. Kreizler anasaidiwa na Sara Howard, karani katika makao makuu ya polisi. Na Marcus na Lucius Isaacson, wapelelezi wawili ndugu. Na John Moore, mwandishi wa gazeti, ambaye ndiye msimulizi. Moore anayasimulia yote mwaka 1919, Roosevelt akiwa amekwisha kuzikwa. Wachunguzi hawa hawamjui muuaji. Wanaichora sura ya nafsi yake kidogo kidogo kutokana na matendo yake, mpaka wanatambua kwamba hata siku anazozichagua zinafuatana na sikukuu za kalenda ya Kanisa.

Wanaolalamikia mwendo wa riwaya

Kundi la kwanza la wasomaji husema kwamba kitabu kinakwenda polepole. Msomaji wa Kiswahili aliyekuzwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ataielewa haraka shida yao. Bwana Msa, kama alivyo Sherlock Holmes aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 1887, huyaweka mawazo yake moyoni mpaka mwisho, kisha huyafunua mbele ya watu waliopigwa na bumbuazi. Carr hafanyi hivyo. Kila hatua ya fikra inasemwa kwa sauti, inaandikwa ubaoni, inabishaniwa, inafutwa na kuandikwa tena. Wengine wanadai kwamba kuisoma riwaya hii ni kama kukaa darasani.

Kwa maoni yetu lalamiko hili lina haki nusu. Swali la riwaya hii si nani aliyeua bali kwa nini aliua, na mtu atafutaye sababu za uovu hawezi kwenda mbio. Ubao ule ni wa lazima. Lakini wana haki wanaosema kwamba Moore anafanywa mara nyingi mno kuwa mwanafunzi mzito, ili Kreizler apate nafasi ya kueleza kile ambacho msomaji amekwisha kukifahamu kurasa kumi nyuma.

Wengine tena wamechoshwa na karamu za Delmonico's, hoteli ya chakula iliyokuwa na sifa kubwa kuliko zote katika New York ya wakati ule. Sahani zinatajwa moja moja, na divai zake. Sisi twaona kwamba meza hizo si pambo tu. Watu walewale waliokula hapo usiku wanapanda kesho yake ngazi za giza za majengo ambamo jamaa nyingi zimesongamana vyumbani, hali ambayo Jacob Riis alikuwa amekwisha kuianika kwa maneno na picha katika kitabu chake cha mwaka 1890. Mwandishi ameziweka sahani hizo mbili jirani. Kasoro yake ni kwamba msimulizi hatoneshwi na ujirani huo. Anarudi mezani akiwa na hamu ileile.

Wanaoisifu na kuikosoa historia yake

Kundi la pili hukipima kitabu kwa mizani ya historia. Wengi wao husifu, na sifa hizo ni za haki. Mitaa ina harufu yake na makelele yake. Elimu ya alama za vidole inaonyeshwa kama ilivyokuwa, yaani jambo geni ambalo mahakama za Marekani zilikuwa hazijalikubali. Ni mwaka 1911 tu ndipo mahakama kuu ya jimbo la Illinois ilipotoa hukumu mashuhuri ya kulipokea. Wengine hukosoa. Maiti ya kwanza, ya mvulana Giorgio Santorelli, inaonekana mwezi Machi 1896 juu ya nguzo ya daraja la Williamsburg, na hali kazi ya kulijenga daraja hilo ilianza mwishoni mwa mwaka huo.

Kosa la daraja halitusumbui. Mtunzi wa riwaya anaruhusiwa kuyasogeza mawe kwa miezi michache, mradi jengo lisimame. Linalotusumbua ni jingine, ambalo wasomaji wachache zaidi wamelitaja: mtunzi amezisogeza pia nyoyo. Kreizler anapeleleza kama wapelelezi wa serikali ya Marekani walivyokuja kujifunza kupeleleza katika miaka ya 1970. Sara Howard anasema juu ya haki za wanawake kwa ulimi wa karne ya baadaye. Karibu kila mtu mwema katika kitabu anafikiri kama sisi, na karibu kila mbaya anafikiri kama watu wa zama zake. Hapo msomaji anabembelezwa. Anaweza kuihukumu New York ya 1896 kwa kuwaficha watoto wake wenye taabu, asijiulize hata mara moja ni watoto gani mji wake mwenyewe unaowaficha leo. Riwaya ya historia iliyo bora humkuta msomaji mahali asipotazamia. Hii, katika jambo hili, inamwacha alipokuwa.

Wanaosema kwamba muuaji ametafutiwa udhuru

Sasa tunafika kwenye maoni yaliyo mazito zaidi. Kreizler anafundisha kwamba malezi ya utotoni ndiyo yanayouongoza mkono wa mtu mzima. Methali zetu zingekuwa mashahidi wake: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Utafiti unapofika mwisho tunapewa utoto wa muuaji: mama mwenye ukatili, na baba mhubiri aliyekwenda magharibi kuwapelekea Wasioux neno la Mungu, akarudi na picha za watu waliouawa kwa namna ya kutisha, ambazo aliwaonyesha watoto wake ili kuwatia hofu. Riwaya inawaonyesha pia viongozi wa makanisa ya mji wakitaka uchunguzi unyamazishwe. Wasomaji wengi Wakristo wamekasirika kwa hayo yote mawili. Wanasema: Kanisa limepakwa matope, na muuaji ameoshwa mikono. Ikiwa baba ndiye mwenye kosa, mwana amebakiwa na dhambi gani?

Tunauheshimu uchungu huo, lakini hatukubaliani na hukumu yake, na sababu zetu ni mbili.

Ya kwanza imo katika riwaya yenyewe. Kreizler ana mkono mmoja uliolemaa. Yeye haelezi ulilemaaje. Ni Sara Howard anayegundua, baada ya kupekua kumbukumbu za polisi, kwamba Kreizler aliumizwa na baba yake mzazi. Basi tazama: watoto wawili walioumizwa na wazazi wao, mmoja anawaua watoto, mwingine anatumia maisha yake kuwatibu. Kama malezi ni yote katika yote, mbona wawili hawa hawakufikia mwisho mmoja? Mtunzi hajibu, na tunaamini kwamba amekataa kujibu kwa makusudi. Muuaji anapokufa, Kreizler anaupasua ubongo wake akitafuta ugonjwa, na haoni lolote. Daktari anasimama mbele ya ubongo mzima kabisa akiwa na mafundisho yake yote, na mafundisho hayo hayatoshi. Kitabu kinachotafuta udhuru kisingeandika ukurasa huo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Carr hakuliuliza swali hili kwa mbali. Baba yake, Lucien Carr, alimwua mtu mwaka 1944 akafungwa; na mwana alisema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba baba huyo alimpiga alipokuwa mtoto, na kwamba huko ndiko ulikotoka uchunguzi wake wa muda mrefu juu ya ukatili. Mwandishi wa riwaya hii alikuwa upande wa Kreizler, na alijua kwa mwili wake kwamba njia ile ya pili ilikuwepo.

Sababu yetu ya pili ni ya theolojia. Katika riwaya, mwalimu mkubwa wa Harvard, William James, anasimama kuutetea uhuru wa mtu kuchagua, na Kreizler anampinga. Wasomaji wengi hudhani kwamba ni lazima wachague mmoja kati yao. Mapokeo yetu ya Kilutheri hayalazimiki kuchagua hivyo. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utashi uliofungwa, alitofautisha kufungwa na kushurutishwa. Mtu aliyefungwa na dhambi hatendi uovu kama mtu anayeburutwa shingoni asipotaka. Anautenda kwa kupenda kwake, na kupenda huko ndiko kifungo chenyewe. Kwa hiyo kumweleza mtu jinsi alivyofungwa si kumwachilia katika hatia. Paulo katika Warumi 7 anaeleza kifungo chake kwa kirefu, wala hajitoi katika hesabu. Mchungaji anayesikiliza maungamo anajua mambo haya mawili kwa pamoja: kwamba aliye mbele yake ameumizwa, na kwamba ameumiza.

Juu ya baba mhubiri tungesema machache tu. Anayeona kwamba Kanisa limetukanwa kwa kuwekewa mtu kama huyo katika hadithi, na ajiulize kwanza kama hajapata kuona nyumba ya mtumishi ambamo jina la Mungu lilitumika kama fimbo. Ezekieli 18 inakataza mwana kubebeshwa uovu wa baba. Lakini haimkatazi mtu kuuita uovu wa baba kwa jina lake.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawakulisema

Liko lalamiko moja ambalo tumelisikia mara chache, nasi twaliona kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia. Riwaya inafundisha kwamba utoto wa mtu ndio ufunguo wa nafsi yake. Halafu ni utoto wa nani tunaopewa kuusoma? Ni wa muuaji. Tunajua alikozaliwa, aliyemzaa, alichoonyeshwa, alichokiogopa. Juu ya Giorgio Santorelli tunajua kidogo sana kupita jinsi alivyokutwa. Wazazi wake wanatokea, wanalia, wanaondoka. Wavulana waliomfuata wana majeraha kuliko walivyo na habari. Mmoja tu, Joseph, mvulana ambaye Moore anamfanya rafiki, anapata kusema na kucheka kidogo mbele yetu. Ndiyo maana kifo chake kinatuuma kuliko vingine, na ndiyo maana tunajua kwamba mtunzi angeweza kufanya hivyo kwa wengine pia.

Hatusemi kwamba ilimpasa Carr kuandika kitabu kingine. Twasema kwamba kipimo alichokichagua mwenyewe kinamhukumu. Kama utoto una thamani ile aliyoitaja, basi utoto wa aliyeuawa una thamani si pungufu ya utoto wa aliyeua. Wenye mamlaka wa New York walitaka wavulana wale wasitajwe. Msimulizi amewataja, na hiyo ni heri, lakini amewataja hasa ili tumjue mwingine.

Hitimisho

Tunashauri riwaya hii isomwe, ila si na vijana wadogo, kwa kuwa mauaji yanaelezwa waziwazi mno. Mwanafunzi anayejiandaa kwa uchungaji na asiisome kwa haraka ya kumjua muuaji. Na aisome akiwa na karatasi pembeni, aandike jina la kila mvulana anayetajwa na yote ambayo kitabu kinamwambia juu yake. Atakapomaliza ataona jinsi karatasi ilivyo tupu, na hapo mazungumzo darasani yaweza kuanza.