Kitabu cha John Mbiti, na Kazi ya Msomi wa Dini

Mzee mmoja wa kijiji chetu huku pwani ya Kenya alinijia jioni akaniuliza, "Mwalimu, binti yangu ataka kusomea dini katika Chuo Kikuu. Nikiuza ng'ombe nimlipie, naye hatakuwa mchungaji, atakula nini?" Sikumjibu papo hapo. Nilikwenda nikakisoma tena kitabu kiitwacho African Religions and Philosophy, cha mwaka 1969. Mwandishi wake, John Mbiti, mwana wa Kitui, aliisomea dini hata akapata shahada ya udaktari huko Cambridge mwaka 1963. Nilitaka kuupima mti kwa matunda yake.

Tunda la kwanza ni jema. Wageni wengi waliandika kwamba baba zetu hawakumjua Mungu. Mbiti alikusanya majina ya Mungu, sala na sadaka za makabila mengi, akaonyesha ya kuwa walimjua. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyefundishwa kuuliza, kusikiliza na kulinganisha.

Lakini kitabu kina kasoro. Mwandishi asema kwamba katika mawazo ya asili ya Mwafrika wakati ujao ni mfupi mno, hauzidi miaka miwili. Aliyapata hayo katika vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kisha akayavika maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani, akayatandaza juu ya bara zima. Hapo siwezi kumfuata. Mzee apandaye mnazi hangojei nazi za mwaka ujao; mti ule waweza kukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, naye ajua kwamba huenda watakaoangua ni wajukuu. Vitenzi peke yake havitoshi kuushuhudia moyo wa mtu. Matendo yake nayo yaulizwe. Na nani atakayeyauliza, ila msomi mwingine wa dini?

Tena Mbiti hakushika kazi moja. Alifundisha Makerere tangu 1964 hata 1974, akaongoza chuo cha Bossey huko Uswisi, akachunga kanisa Burgdorf, akatafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwa Kikamba, likatolewa mwaka 2014. Alifariki mwaka 2019. Si kila mtu atafika huko. Lakini shule zataka walimu, wagonjwa wataka wafariji, na lugha zetu zataka watafsiri.

Basi nilimjibu mzee, "Baba, shahada hiyo peke yake si ahadi ya mshahara. Binti na auchukue ualimu pamoja nayo, na somo la pili, kama Kiswahili au historia, maana mwalimu wa sekondari hutakiwa masomo mawili. Akijifunza kusikiliza watu kwa subira, na kuhakikisha aliyoyasikia kabla ya kuyaandika, ng'ombe wako hakupotea."

Nasi wasomaji, tuvisome vitabu vya wasomi wetu kwa heshima, lakini tusivisome huku tumefumba macho.