Sayari ya Nyani: filme ya kutazama mara ya pili



Mtu akiambiwa kwamba kuna filme ambamo nyani wanapanda farasi na kuhukumu watu, atacheka. Nami nilicheka. Nilidhani ni mchezo wa watoto tu, nikaitazama kwa kupitisha saa. Sasa nimeitazama tena, nikaipenda kuliko mara ya kwanza. Nitaeleza sababu.

Filme hiyo, Planet of the Apes, ilitoka Marekani mwaka 1968. Mwongozi wake ni Franklin Schaffner, na hadithi ilitoka katika kitabu cha Pierre Boulle, mwandishi wa Ufaransa, cha mwaka 1963. Wasafiri wa anga wanaanguka katika nchi wasiyoijua. Huko watu ni bubu, wanawindwa kama swala. Nyani ndio wenye kusema na kutawala: gorila ni askari, sokomutu ni wenye elimu, orangutani ni waamuzi na walinzi wa dini.

Kwanza tusifu kazi ya mikono. John Chambers aliwatengenezea wachezaji sura za nyani kwa ustadi hata akapewa Oscar ya heshima. Kim Hunter anacheza daktari Zira, na chini ya sura ile ya bandia tunaona huruma yake na mashaka yake. Kiisha dakika chache tunasahau kama ni mtu aliyevikwa.

Makosa yapo. Taylor, anayechezwa na Charlton Heston, anasikia nyani wakisema Kiingereza, wala hashangai! Tena waamuzi watatu wanaoziba macho, masikio na kinywa barazani ni mzaha mwepesi, unaoharibu saa ya maana.

Lakini mtu wa kuangalia sana ni mzee Zaius. Yeye ni waziri wa sayansi na pia mlinzi mkuu wa imani, kazi mbili katika mkono mmoja. Pangoni wanapata vitu vya kuonyesha kwamba zamani mwanadamu alikuwa na akili na ufundi. Zaius anaamuru pango lizibwe kwa baruti. Mara ya kwanza nilimchukia. Mara ya pili niliona kwamba si mjinga wala si mwovu: anapenda watu wake, anaogopa mambo yaliyofanywa na mwanadamu. Na mwisho wa filme, pale kando ya bahari, ambao sitausimulia, unaonyesha kwamba hofu yake ilikuwa na msingi.

Basi alifanya vema? Hapana. Mwenye kuziba pango anakiri kwa tendo lake kwamba yeye mwenyewe hategemei kitabu anachokilinda. Sisi tunaojitayarisha kufundisha tusimcheke upesi. Galileo alihukumiwa mwaka 1633. Ni mwaka 1992 tu Papa Yohane Paulo wa Pili alipokiri waziwazi kosa la wale waliomhukumu. Katika miaka ile yote imani haikupata faida yo yote kwa kufichwa kwa jambo la kweli.

Muitazame basi, ao muitazame tena. Kiisha kila mmoja ajiulize: mkristu akiniletea swali gumu kutoka pangoni, nitashuka naye kuangalia, ao nitaita wenye baruti?