Salisbury na ufundi wa kulipa kwa mali ya wengine

Vitabu vingi vya shule hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: mwaka 1890 Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, nao wakaiachia Zanzibar. Sentensi hiyo inapotosha. Ujerumani haikuimiliki Zanzibar hata siku moja, na usichokuwa nacho huwezi kukitoa. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 ulisukwa hasa na mtu mmoja, Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na papo hapo waziri wake wa mambo ya nje. Unastahili kufumuliwa uzi kwa uzi, maana mipaka kadhaa tunayoishi nayo Afrika Mashariki ilishonwa humo.

Jina lake hasa ni Robert Gascoyne-Cecil. Alizaliwa mwaka 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London, kwenye ukoo uliokuwa umeshika madaraka tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kaka yake ndiye aliyekuwa mrithi. Robert alipooa mwaka 1857 bila ridhaa ya baba yake, ilimbidi aongeze kipato kwa kuandika makala za magazeti. Kaka akafariki mwaka 1865, baba mwaka 1868, na cheo pamoja na mashamba ya ukoo vikamwangukia yeye. Aliongoza wizara ya India mara mbili, na hapo ndipo alipopata kipimo alichokitumia maisha yake yote: je, jambo hili linaigusa njia ya India? Njia hiyo ilipita Suez, na Suez iko Misri, ambayo Waingereza waliikalia mwaka 1882. Misri hunywa maji ya Nile, na Nile hutoka Uganda. Kwa hesabu hiyo, ziwa lililo katikati ya Afrika lilikuwa suala la ulinzi wa India.

Alikuwa pia mtu wa ramani. Mwaka 1877 aliwaonya wenzake waliojawa na hofu ya Urusi kwamba ramani ndogo ndizo zinazowapotosha, watafute kubwa. Nalitaja hili kwa sababu miaka kumi na mitatu baadaye naye aligawa nchi kwa ramani zenye mapengo makubwa.

Ufundi wake wa kwanza ulikuwa kungoja. Machi 1889 Herbert Bismarck, mwana wa Kansela wa Ujerumani, alipofika London, suala la Heligoland lilizungumzwa, na malipo yaliyofikiriwa yalikuwa Afrika Kusini-Magharibi. Salisbury hakukataa wala hakukubali, akaliacha lipoe. Machi ya mwaka uliofuata Bismarck mkubwa aliondolewa madarakani, akaja Jenerali Caprivi, ambaye hakuwa na hamu kubwa ya makoloni. Kaizari Wilhelm II alikuwa kijana na alikitamani sana kisiwa kile. Mfereji wa Kiel ulikuwa ukichimbwa tangu mwaka 1887, na Heligoland ilikuwa imekaa kama mlinzi mbele ya pwani ya Ujerumani. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 2 za mraba, na wakazi wake walikuwa elfu mbili hivi. Waingereza walikiteka kutoka kwa Wadenmark mwaka 1807, na tangu hapo hawakukifanyia kazi ya maana.

Mei 1890 Salisbury aliweka masharti yake mezani mbele ya Hatzfeldt, balozi wa Ujerumani mjini London. Ujerumani iondoke Witu, iliyo mwambao wa Kenya ya leo. Iache madai yake Uganda. Iitambue himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba. Mwishoni kabisa akakitaja kisiwa. Ndani ya wiki chache Berlin ilikubali. Wakati huo Carl Peters, mpigania makoloni wa Kijerumani, alikuwa bado Afrika na mkataba aliousaini na Kabaka Mwanga wa Buganda. Kabla hajafika Ulaya, karatasi ile haikuwa na thamani tena.

Lazima nikiri kwamba alijua pia la kuliachia. Mpelelezi Henry Stanley alikuwa amerudi Uingereza na kuilaumu serikali hadharani kuwa inawaachia Wajerumani bara la Afrika, na William Mackinnon, mwenye kampuni ya Afrika Mashariki, alitaka ukanda wa ardhi nyuma ya ziwa Victoria hadi Tanganyika ili Waingereza wapite moja kwa moja kutoka kusini hadi kaskazini. Wajerumani hawakutaka Waingereza wakae kati yao na Kongo. Salisbury aliutupa ukanda huo. Aliyoyataka yeye ni maji ya Nile, na hayo tayari alikuwa nayo.

Ukiisoma ibara ya kwanza utaona jinsi watu hawa walivyokata nchi wasiyoijua. Mpaka magharibi mwa ziwa unafuata nyuzi moja kusini mwa ikweta hadi Kongo. Halafu linakuja sharti: mlima Mfumbiro, hata ukigundulika kuwa uko kusini mwa mstari, usihesabiwe upande wa Ujerumani. Hakuna aliyekuwa na hakika mlima huo uko wapi. Mzozo wa volkano hizo, ambazo leo zimegawana Uganda, Rwanda na Kongo, ulisuluhishwa mwaka 1910 tu, Brussels, baada ya Wabelgiji nao kuingia.

Ibara ya kumi na moja ndiyo inayonikera zaidi. Humo Uingereza inaahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani awauzie Wajerumani mwambao waliokuwa wamekodishwa, pamoja na kisiwa cha Mafia. Dalali alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi kabla mwenye mali hajaulizwa bei. Sultani huyo, Seyyid Ali bin Said, alikuwa na miezi michache tu kwenye kiti. Himaya aliikubali mwezi Juni chini ya shinikizo la Waingereza, na kwa mwambao wote akalipwa mark milioni 4.

Malkia Victoria alilalamika kwamba watu wa Heligoland wanahamishwa bila kuulizwa, na lalamiko lake lilizaa kitu. Mkataba uliwapa wakazi nafasi ya kuchagua uraia wa Uingereza hadi tarehe 1 Januari 1892, na wazaliwa wa kisiwa wakasamehewa jeshi la Ujerumani. Watu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo na Kilwa hawakupata ibara ya namna hiyo. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza kuupinga utawala wa Wajerumani, alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Wala Witu haikuulizwa: Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, majeshi ya Uingereza chini ya Admirali Fremantle yaliuteketeza mji huo.

Nyumbani, Salisbury aliipeleka Heligoland bungeni ipitishwe kwa sheria, jambo ambalo Gladstone, kiongozi wa upinzani, alilipinga kwa hoja ya katiba. Ilikuwa kinga nzuri, kwani wabunge wakishapiga kura hawawezi kumgeuka peke yake.

Kosa alilifanya kwa Ufaransa. Tangu mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeahidiana kuheshimu uhuru wa Zanzibar na Muscat, na Paris haikuchelewa kumkumbusha. Tarehe 5 Agosti 1890 alilipa deni hilo kwa kuitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagascar na eneo lake la Sahara hadi ziwa Chad. Mfumo ni uleule. Isipokuwa ule mwamba wa Heligoland, hakuna kitu ambacho Salisbury alikitoa mwaka huo kilichokuwa chake. Kama diplomasia, ilikuwa kazi ya fundi. Kama haki, ilikuwa biashara ya mali ya watu, na sifa anazopewa na waandishi wengi wa kwao zinalipita jambo hilo upesi mno.

Wajerumani waliijenga Heligoland kuwa ngome ya manowari. Mwambao wa Kenya ulibaki kwa jina chini ya Sultani hadi mwaka 1963. Mafia, iliyouzwa pamoja na mwambao, haikurudi Zanzibar: hadi leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, Tanzania Bara.