Vidato vya Milimita 5

Anza na ngazi. Najua meli itakuita, najua zile taa za rangi ya chungwa zitakuvuta, lakini nakuomba uanze na ngazi. Inama mpaka jicho liwe usawa wa ukingo wa ubao, itafute pale inapopanda kutoka sakafu ya gati kwenda kwenye tumbo la meli, kisha tazama vidato vyake. Kila kimoja kina kimo cha milimita 5. Skeli ni 1/35, kwa hiyo milimita 5 hizo ni sentimita 17.5 katika ulimwengu wa meli hii, kimo kilekile cha ngazi za ghorofa ulizozipanda maisha yako yote. Mguu unaitambua kabla ya akili. Na mguu ukishaitambua, basi! Meli nzima inakuvimbia juu ya kichwa, ubao uliokuwa mezani unageuka kuwa mahali, na wewe umesimama chini kabisa ukiangalia juu.

Hii ni diorama ya rafiki yangu, mtu wa mikono asiyetulia, na imetoka mezani kwake juzi tu. Rangi ya mwisho bado inanukia. Nimeikodolea macho mpaka usiku ukaingia na ninaandika haya kabla msisimko haujashuka, kwa sababu sitaki ushuke.

Ubao una sentimita 60 kwa 40. Juu yake kuna gati la matengenezo katika bandari ya sayari isiyo na jina. Meli ya mizigo ya angani imeingizwa kinyumenyume, injini moja imefunguliwa na inaning'inia kwenye winchi, mafundi wanne wanaishughulikia, na wa tano amekaa juu ya pipa akila. Pua ya meli haipo. Imekatwa na ukingo wa ubao, nasi tunaona sehemu ya nyuma peke yake, jambo ambalo naliona kuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya. Ukimpa mtazamaji meli nzima ataipima kwa shubiri. Ukimpa theluthi yake, atamalizia mwenyewe, na ataimalizia kwa ukubwa ambao hakuna meza ingeweza kuubeba.

Meli hii haikutoka kwenye boksi la dukani. Hakukuwa na karatasi ya maelekezo wala vipande vyenye namba. Imejengwa kuanzia sifuri kwa karatasi za plastiki nyeupe ya polistirini, aina inayokwaruzwa kwa kisu kisha ikavunjika kwenye mstari, na kwa chochote kilichokuwa kinaelekea kwenye pipa la taka. Mdomo wa injini ulikuwa kifuniko cha chupa ya roloni. Matangi ya mafuta ni mabomba ya sindano yasiyo na sindano. Wavu wa mitambo ya kupozea ni kipande cha chandarua kilichokazwa kwenye fremu, na sakafu ya gati yenye matundu ilikuwa chujio la chai! Nimeambiwa haya baadaye, kimoja baada ya kingine, na kila nilipoambiwa nilirudi kutazama na sikuweza kukiona tena kile kifaa cha zamani. Niliona tangi. Niliona sakafu inayopitisha mwanga.

Watu ndio hawakuanzia sifuri. Hao ni askari wa plastiki waliobadilishwa mikono, wakavishwa ovaroli za udongo wa epoksi, na hapa ndipo sababu ya kuchagua 1/35 inapojulikana. Ni skeli ya vifaru. Kampuni ya Tamiya ya Japani ndiyo iliyoizoesha dunia, na chanzo chake kinanifurahisha kila nikikikumbuka: katika miaka ya mwanzo ya 1960 walitengeneza kifaru cha Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya kutosha betri. Tangu hapo yameshatoka maelfu ya vifaru, malori na askari wa ukubwa huo, na mjenzi wa bandari za kubuni anavuna shamba ambalo hakulilima yeye. Magurudumu ya kifaru yanakuwa kapi za winchi. Mtu mzima anakuwa na sentimita 5.

Siri yote ya kazi hii, nionavyo, ni kwamba meli ya kubuni haina ukubwa wowote mpaka isimame karibu na kitu ambacho mwili wa mtazamaji unakifahamu. Mkono wa ngazi, kitasa, mlango, kiti. Rafiki yangu ametumia waya wa milimita 1 kwa vishikio vyote, sawa na bomba la sentimita 3.5, unene unaokaa vizuri kwenye kiganja. Angetumia wa milimita 2 meli ingenywea papo hapo, kwa sababu hakuna anayeshika kishikio cha sentimita 7. Ukishavipata sawasawa hivi vichache vinavyojulikana, vingine vyote unaruhusiwa kuvibuni utakavyo, na mtazamaji atakuamini.

Walioijenga sinema ya anga walilijua hili kwa vidole vyao. Modeli kubwa ya Discovery iliyotumiwa katika filamu ya Stanley Kubrick, "2001: A Space Odyssey" ya mwaka 1968, ilikuwa na urefu wa futi 54, zaidi ya mita 16, na ngozi yake ilijazwa vipande vilivyochukuliwa kutoka maboksi ya modeli za kawaida. Miaka michache baadaye vijana wa Industrial Light & Magic, katika ghala huko Van Nuys, California, walifanya hivyohivyo kwa ajili ya "Star Wars" ya 1977: walinunua vifaru, ndege na mizinga ya plastiki kwa wingi, wakavipasua, wakabandika vikorokoro vyake kwenye meli zao. Na tazama maajabu haya. Katika tukio la kwanza la filamu ile, meli ndogo inakimbia na meli kubwa ya kutisha inaifukuza, inapita juu yetu bila kwisha. Modeli ya hiyo kubwa ilikuwa na urefu wa kama sentimita 90. Modeli ya hiyo ndogo ilikuwa ndefu karibu mara mbili yake! Ukubwa ulitoka kwenye vikorokoro na pembe ya kamera. Plastiki yenyewe haikuhusika.

Lakini vikorokoro vina adabu yake, na hapa wengi wanaharibu. Ukivisambaza kila mahali, jicho linachoka na meli inageuka kuwa ukuta wa chembe. Katika diorama hii vimekusanywa pale fundi angehitaji kufika: kuzunguka injini, chini ya mlango wa mizigo, kwenye maungio ya miguu. Kati ya makundi hayo bamba za meli zimeachwa wazi, tupu kabisa, na ule utupu ndio unaovipa vikorokoro sauti. Kila bomba linatoka mahali na kwenda mahali. Nililifuata moja kwa kidole, bila kuligusa, kutoka kwenye tangi, likapita nyuma ya mguu, likatokea kwenye valvu, likaingia kwenye injini. Hakuna ambaye angegundua kama lingeishia nyuma ya mguu. Yeye amelifikisha.

Sasa rangi, na hapa naomba nafasi.

Kutu inahitaji oksijeni na unyevu. Kwenye mwezi usio na hewa chuma hakishiki kutu, na nimeona diorama nyingi nzuri zenye michirizi ya kutu chini ya anga jeusi lisilo na pumzi. Hii imewekwa bandarini, kwenye sayari yenye mvua na bahari ya chumvi, na ukilijua hilo unaanza kuona mantiki kila mahali: kutu nyingi chini ya bolti ambako maji yanasimama, michirizi inayoshuka wima, weupe wa chumvi kwenye miguu ya meli hadi kimo fulani, halafu basi. Upande wa juu rangi imepauka kwa jua. Chini ya mbawa imebaki na ubichi wake.

Namna alivyoipata ni ile mbinu ya spreyi ya nywele inayopendwa na wachoraji wa vifaru. Kwanza unapaka rangi ya kutu, kahawia na chungwa zisizolingana. Unaikinga kwa vanishi. Ikikauka unapuliza spreyi ya nywele ya kawaida, halafu juu yake rangi ya akriliki ambayo ndiyo rangi ya meli. Kisha unachukua brashi iliyolowa maji na kusugua. Maji yanapenya akriliki, yanayeyusha spreyi iliyo chini, na rangi inabanduka yenyewe kwa vipande visivyopangika, kutu inachungulia. Huwezi kuchora mbanduko kama huo kwa mkono hata uwe na subira ya namna gani, kwa sababu mkono hupanga na maji hayapangi. Karibu na mlango wa mizigo, ambako makreti yamegonga kwa miaka, amesugua sana. Mahali pasipofikika hajagusa. Unaweza kusoma historia ya kazi ya meli hii bila neno moja kuandikwa, na hili ndilo lililomfanya Kow Yokoyama, Mjapani aliyeanza kuonyesha mashine zake za kubuni katika jarida la Hobby Japan mwaka 1982, awe mwalimu wa wengi wetu: mashine zake zinaonekana zimefanya kazi.

Taa zinapata umeme kutoka kwenye betri ya volti 9. Kila LED nyeupe inahitaji kama volti 3, kwa hiyo ameweka kizuizi cha omu 330 mbele ya kila moja, kisha akazipaka wino wa chungwa zifanane na taa za bandari. Zile nukta ndogo kwenye paneli ya winchi ni nyuzi za kupitisha mwanga zenye kipenyo cha robo milimita. Hazifiki hata sentimita 1 kwa skeli, na ndiyo maana zinaaminika! Taa nene ndiyo inayoua modeli nyingi.

Kasoro ipo. Dimbwi la maji chini ya injini limemiminwa kwa rezini, na kingo zake zimesimama kama tone. Maji hayakubali skeli. Mvutano wa uso wake huacha ukingo wa unene uleule popote, na kwenye 1/35 ukingo wa milimita 1 unakuwa ukuta wa sentimita 3.5. Vanishi ya kung'aa iliyopakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, ingetosha. Nilimwambia, akaliangalia dimbwi kwa muda, akasema ataling'oa. Pia ovaroli za mafundi ni safi mno kwa watu walioshusha injini.

Nyuma ya gati ameweka safu ya minara iliyokatwa kwa kadibodi, midogo kadiri inavyorudi nyuma, rangi yake ikififia kuelekea kijivu. Mbinu hiyohiyo ya kudanganya umbali ndiyo iliyojenga mandhari ya viwanda mwanzoni mwa "Blade Runner" ya 1982, ambako minara ya shaba nyembamba iliyokatwa kwa asidi ilipangwa hivyo na chumba kikajazwa moshi. Hapa hakuna moshi, kuna rangi tu, na bado unahisi kilomita.

Ukingo wa kulia umeachwa wazi na una sumaku nne. Ubao wa pili utaungwa hapo: karakana itakayoipokea ile injini, yenye benchi, kabati za zana na mlango unaofunguka. Kuta za kwanza zimekwisha kukatwa, unene wa milimita 1, matundu ya mabomba tayari, na kila tundu limelengana na bomba lililopo upande huu. Nimemkataza kunionyesha zaidi mpaka ipakwe rangi.